Nani Ahudumiwe Kwanza Ndani ya Kompyuta?

Katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari hutokea jambo ambalo walimu wengi wamekwisha kulizoea. Mwanafunzi ameiagiza kompyuta ibane filamu ya jaribio la kemia ili ipate kuenea katika diski ndogo, kazi ambayo yaweza kuchukua saa nzima. Wakati huo huo mwalimu ataka kuandika barua fupi kwa mashine ile ile. Anabonyeza herufi, herufi haionekani. Anasukuma kipanya, mshale umeganda pale pale. Anabonyeza tena, mara tatu, mara nne; kisha ghafla herufi zote zinamiminika kwa pamoja kama abiria wanaoshuka katika basi lililokwama. Hukumu hutolewa papo hapo: mashine hii imezeeka, inunuliwe nyingine.

Hukumu hiyo hutolewa kwa haraka, nayo hugharimu fedha. Kompyuta ambayo ingaliweza kutumika kwa miaka kadhaa zaidi hufunikwa kwa nailoni na kuwekwa ghalani, na fedha ambazo zingalinunua vitabu au kemikali za maabara hununua mashine mpya, ambayo nayo, ikipewa kazi nzito za namna ile ile, yaweza kuganda kama ile ya kwanza. Ukweli ni kwamba mashine inayokawia kuitika si lazima iwe dhaifu. Aghalabu ni mashine yenye nguvu za kutosha iliyogawa muda wake vibaya. Na mgawanyo wa muda ndani ya kompyuta si jambo la maumbile kama mvua au ukame. Ni uamuzi uliofanywa na watu, na kwa hiyo watu wengine waweza kuupima, kuupinga na kuurekebisha. Somo la kompyuta linaloishia katika kuandika barua na kuchora majedwali humnyima mwanafunzi jambo hili, ambalo ni miongoni mwa mambo yenye manufaa makubwa anayoweza kujifunza juu ya mashine iliyo mbele yake.

Na afikiriwe fundi mmoja mwenye cherehani moja barazani. Asubuhi amepokea kazi ya kushona sare 40 za shule. Saa nne anatokea mtu ambaye kifungo cha shati lake kimeng'oka, naye yumo njiani kwenda kwenye usaili. Fundi akishikilia kwamba aliyetangulia ndiye ahudumiwe kwanza, mwenye kifungo atangoja siku kadhaa kwa kazi ya dakika mbili. Akikitanguliza kifungo, mwenye sare atacheleweshwa kwa dakika mbili tu katika siku zote hizo, wala hatajua kamwe kwamba amecheleweshwa. Wahenga walisema kutangulia si kufika, na hapa walisema kweli. Lakini fundi huyo huyo akiamua kubadili kazi kila baada ya mshono mmoja, akitoa uzi mweupe na kutia wa buluu, kisha akitoa wa buluu na kurudisha mweupe, jua litakuchwa hajamaliza sare wala kifungo.

Takriban hoja zote za suala hili zimo katika kisa hicho. Kuna vipimo viwili vya utendaji wa mashine, navyo huchanganywa kila siku. Kimoja ni wingi wa kazi: sare ngapi zimeshonwa hadi jioni. Cha pili ni wepesi wa kuitika: mtu aliyefika mlangoni amekaa kwa muda gani kabla ya kusikilizwa. Mashine yaweza kuwa hodari kwa kipimo cha kwanza na mbovu kabisa kwa kipimo cha pili, na matangazo ya wauzaji, ambayo hutaja kasi ya prosesa kwa namba kubwa kubwa, mara chache husema lolote juu ya kipimo cha pili.

Katika kompyuta, kazi ya fundi ya kuchagua nguo ya kushika hufanywa na sehemu ya mfumo endeshi ambayo yafaa kuitwa mgawa zamu. Prosesa, yaani sehemu ifanyayo hesabu, huwa na kiini kimoja au viini kadhaa, na kila kiini huweza kutekeleza maagizo ya kazi moja tu kwa wakati mmoja, au mbili kwa aina nyingine. Kazi zilizo tayari kwa kawaida huzidi idadi hiyo. Saa ya ndani hugonga kengele, katika mifumo mingi mara 100 hadi 1,000 kwa sekunde, na kengele inapogonga mgawa zamu huangalia: je, kazi iliyomo iendelee, au iwekwe kando na nyingine iingie? Mtumiaji huona kana kwamba mambo yote yanakwenda kwa pamoja, lakini ni zamu tu zinazofuatana kwa kasi.

Sasa ifanywe hesabu kidogo. Mwandishi mzuri wa mashine hubonyeza herufi tano hivi kwa sekunde. Ichukuliwe kwamba kuipokea kila herufi na kuichora upya katika skrini kwahitaji milisekunde 5 za prosesa. Jumla ni milisekunde 25 katika kila sekunde, yaani asilimia 2.5. Kazi ya kubana filamu iliyohitaji dakika 60 sasa itahitaji dakika 61 na nusu hivi, ikiwa mwandishi ataandika bila ya kupumzika saa nzima, jambo ambalo halitokei. Huo ndio ukubwa halisi wa madai ya mtu aliyeketi mbele ya mashine. Ni madai madogo mno. Tabu ni kwamba hayawezi kungoja.

Kwa upande wa pili, zikiwapo kazi nzito kumi katika kiini kimoja, na kila moja ikipewa zamu ya milisekunde 100, herufi iliyobonyezwa yaweza kungoja sekunde nzima kabla ya zamu yake kufika. Zamu zikifupishwa hadi milisekunde 10, kungoja huko hakutazidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1968 Robert Miller, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya IBM, aliandika makala juu ya muda ambao binadamu aweza kuvumilia anapozungumza na kompyuta, na tangu hapo wataalamu wamezoea kutumia vipimo vitatu: sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambapo mtu huona jambo limetendeka papo hapo, sekunde moja, ambapo huona kuchelewa lakini fikira zake hazijakatika, na sekunde kumi, ambapo huanza kutazama dirishani. Prosesa imeongezewa kasi maelfu ya mara tangu mwaka huo. Binadamu hakuongezewa kitu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini basi zamu zisifupishwe hadi zitoshe kumridhisha kila mtu. Jibu limo katika uzi wa fundi. Kubadili kazi kwagharimu muda: hali ya kazi ya kwanza hapana budi ihifadhiwe, hali ya pili irudishwe, na yale yaliyokuwa karibu na prosesa kwa ajili ya kazi ya kwanza husukumwa nje. Kama badiliko moja lachukua mikrosekunde 5 na zamu ni milisekunde 10, hasara ni ndogo mno. Lakini zamu ikiwa ya mikrosekunde 10, thuluthi nzima ya nguvu za mashine itapotea katika kubadili uzi. Watu wanaoendesha kompyuta kubwa za kuhudumia maelfu ya wateja, ziitwazo seva, wana haki wanapopenda zamu ndefu. Kosa hutokea pale ambapo uamuzi ulio sawa kwa seva huhamishiwa, bila ya kufikiriwa, kwenye mashine ya mezani ya mwalimu.

Suala lenyewe si geni. Katika miaka ya 1950 kompyuta zilifanya kazi kwa mafungu: mtu alipeleka kadi zake zilizotobolewa, akaenda zake, akarudi baada ya saa nyingi, pengine kesho yake, kuchukua majibu. Koma moja iliyokosewa ilipoteza siku. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa zamu, kila mmoja akiwa na mashine yake ya kuandikia. Mgawa zamu wao alikuwa na foleni za ngazi mbalimbali. Kazi ikionekana kuwa fupi ilihudumiwa mapema. Ikizidi muda iliopewa ilishushwa ngazi, huko ikangoja zaidi, lakini ilipofikiwa ilipewa zamu iliyo ndefu zaidi. Mwenye kifungo anapita mbele, na mwenye sare anapewa muda mrefu bila ya kusumbuliwa. Corbató alitunukiwa Nishani ya Turing mwaka 1990, na wazo la foleni zake lingali hai katika mifumo mingi.

Ni ajabu kwamba somo hilo lilisahauliwa kwa muda kompyuta zilipoingia majumbani. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, na katika Macintosh hadi ulipotokea mfumo wa Mac OS X mwaka 2001, programu zilitegemewa kuachia prosesa kwa hiari yao zenyewe. Programu moja yenye uchoyo, au yenye kosa tu, iliweza kuigandisha mashine yote. Kompyuta ya Amiga ilikuwa imekwisha kuonyesha njia iliyo bora tangu mwaka 1985, lakini katika biashara mwenye njia bora siye apataye soko daima.

Kisa kinachofundisha zaidi kuliko vyote ni cha mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, na ambao shule yoyote yaweza kuutumia bila ya malipo. Katika toleo la 2.6, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2003, mgawa zamu alikuwa ametungwa na Ingo Molnár wa Hungaria. Alikuwa mwepesi sana, hata katika mashine zenye prosesa nyingi, lakini alitegemea kubahatisha: kazi iliyolala mara nyingi ilidhaniwa kuwa inamngojea mtu, nayo ikapewa heshima, kazi iliyoshika prosesa bila ya kuachia ilidhaniwa kuwa nzito, ikashushwa. Dhana hiyo ni sahihi mara nyingi. Inapokosea, hukosea vibaya: kicheza muziki hukatakata, na dirisha linaloburutwa husimama njiani.

Aliyeshika bango la malalamiko hayo hakuwa mtaalamu wa kompyuta kwa kazi yake. Alikuwa Con Kolivas wa Australia, daktari wa kutoa nusukaputi, ambaye alijifunza uandishi wa programu katika nafasi zake. Pengine haishangazi: mtu ambaye kazi yake ni kukaa kando ya mgonjwa akitazama pumzi moja moja hujua tofauti kati ya wastani mzuri na kuchelewa kwa mara moja. Kolivas alishikilia kwamba kubahatisha si lazima. Kwamba mgawa zamu akigawa kwa haki, kwa hesabu iliyo wazi, wepesi wa kuitika utakuja wenyewe, kwa kuwa kazi ya mtu anayeandika haidai zaidi ya fungu lake. Mnamo Machi 2007 alitoa mgawa zamu wa namna hiyo. Mwezi uliofuata Molnár alitoa wake, ulioitwa CFS, uliojengwa upya juu ya wazo la haki, na katika tangazo lake alimtaja Kolivas kuwa ndiye aliyethibitisha kwamba jambo hilo lawezekana. Torvalds alichagua ule wa Molnár, nao ukaingia katika toleo la 2.6.23 la Oktoba 2007. Kolivas alikuwa amekwisha kujitoa mwezi Julai, akieleza kwamba watengenezaji wakuu walijali zaidi mashine za makampuni kuliko kompyuta ya mtu wa kawaida. Mwaka 2009 alirudi na mgawa zamu mwingine, BFS, uliokusudiwa waziwazi kwa mashine zenye prosesa chache.

Mabishano yao yalikuwa makali, na si kazi ya makala haya kuamua nani alitendewa vibaya. Lililo muhimu kwa mwanafunzi ni kwamba mtu wa nje, kwa kuwa maandishi ya mfumo yalikuwa wazi na kwa kuwa alijali kupima kile alichokiona kwa macho yake, alilazimisha mabingwa wabadili msingi wa kazi yao. Mgawa zamu wa CFS ulitumika kwa miaka kumi na sita, hadi ulipoanza kubadilishwa katika toleo la 6.6 la Oktoba 2023 kwa njia iitwayo EEVDF, ambayo Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab walikuwa wameieleza tangu mwaka 1995. Njia hii hutazama vitu viwili: nani bado hajapata haki yake, na nani anahitaji kuhudumiwa upesi zaidi. Kwa lugha ya barazani, fungu la kitambaa ni jambo moja, na haraka ya usaili ni jambo jingine.

CFS yenyewe ni rahisi kueleza darasani. Kila kazi huwekewa daftari la muda iliokwisha kutumia, na kila mara huchaguliwa ile iliyotumia muda mdogo kuliko zote. Kazi iliyokuwa ikingoja kibonyezo huwa imetumia kidogo, hivyo inapoamka hupita mbele bila ya mtu kuipendelea. Ni haki tupu. Lakini haki kati ya nani na nani? Swali hili halikujibika upesi. Mtu anapotafsiri maandishi ya programu kubwa kuwa lugha ya mashine, aghalabu huigawanya kazi hiyo vipande 20 vinavyokwenda sambamba. Kama kuna kiini kimoja na kicheza filamu kimoja, mgawanyo wa haki kwa kila kazi humpa mwenye filamu fungu moja katika 21. Ni kama kugawa mahindi ya msaada kwa kila mtu aliyesimama katika foleni: mwenye kaya ya watu 20 huwaleta wote, na mjane aliye peke yake hurudi na kibaba kimoja.

Mwaka 2010 Mike Galbraith aliandika takriban mistari 200 iliyozifanya kazi zote zilizoanzishwa katika kikao kimoja kuhesabiwa kama kaya moja. Vipande 20 vikawa fungu moja, na kicheza filamu kikapata fungu la pili lililo sawa nalo. Mabadiliko hayo yaliingia katika toleo la 2.6.38 la Machi 2011. Mashine zile zile, zenye prosesa zile zile, zikaanza kuitika. Hakuna shilingi moja iliyotumika kununua chuma.

Nini basi kifanywe katika chumba cha kompyuta cha shule? La kwanza, na lililo rahisi kuliko yote, ni kuishusha kazi nzito badala ya kuipandisha kazi inayopendwa. Katika Linux amri iitwayo nice huipa kila kazi daraja kati ya -20 na 19. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kazi inavyokuwa na adabu zaidi kwa wenzake. Kila hatua moja hupunguza uzito wa kazi kwa kiwango kile kile, kwa kuugawanya kwa 1.25 hivi. Kazi ya daraja la kawaida, yaani 0, ina uzito wa 1024, na ya daraja la 19 ina uzito wa 15. Zikikutana katika kiini kimoja, ya pili hupata 15 katika 1039, ambayo ni asilimia 1.4 tu. Lakini ya kwanza inapolala, ya pili huchukua prosesa yote. Haipotezi kitu ambacho mwingine hakukihitaji.

Windows ina madaraja 32, kuanzia 0 hadi 31, na katika matoleo ya mezani hurefusha zamu ya programu iliyo katika dirisha la mbele. Kwa kutumia Task Manager mwalimu aweza kuishusha kazi ya kubana filamu kwa kubonyeza mara chache, au kuizuia isitumie kiini kimoja ili kiini hicho kibakie kwa ajili ya watu. Asijaribiwe kufanya kinyume chake. Wako vijana ambao, wakitaka mchezo wao uende kasi, huupandisha hadi daraja la juu kabisa; katika daraja hilo programu yaweza kuziziba hata sehemu zinazopokea kibodi na kipanya, na mwenye mchezo hubaki akiutazama bila ya kuwa na njia ya kuuzima.

Hata hivyo, mgawa zamu si mganga wa kila maradhi. Kama kumbukumbu ya mashine imejaa, mfumo huanza kuhamisha vitu kwenda katika diski na kuvirudisha, na hapo prosesa hukaa bure ikingoja. Kusoma katika kumbukumbu huchukua karibu nanosekunde 100. Kusoma katika diski inayozunguka huchukua karibu milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Kama cha kwanza kingekuwa sekunde moja, cha pili kingezidi siku nzima. Hapo hakuna mgawanyo wa zamu utakaosaidia. Hapo ndipo fedha zitumike, kwa kuongeza kumbukumbu au kuiondoa diski inayozunguka, na bado gharama ni ndogo kuliko ya kompyuta mpya. Dalili yake huonekana wazi: taa ya diski haizimiki, ilhali prosesa yaonekana haina kazi nyingi. Kadhalika liko vumbi. Prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na feni iliyojaa vumbi katika chumba chenye bati bila ya dari ni sababu ya kutosha. Brashi ndogo na robo saa huponya maradhi hayo. Kununua kabla ya kuyatazama mambo haya matatu ni uvivu, hata ukiitwa maendeleo.

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa katika kipindi kimoja kwa kompyuta moja ya Linux na saa ya mkononi. Wanafunzi waandike, kwa lugha ya Python, programu fupi ya kuhesabu kutoka sifuri hadi namba kubwa, na wairekebishe namba hiyo hadi hesabu ichukue dakika moja hivi. Nakala ya kwanza iitwe A, na ya pili B. Zote zianzishwe kutoka dirisha moja la amri, kwa kuwa zikiwa katika vikao viwili zitahesabiwa kama kaya mbili na nice haitakuwa na nguvu baina yao. Zote zifungwe katika kiini kimoja kwa amri iitwayo taskset. Vinginevyo kila moja itajipatia kiini chake na hapatakuwa na foleni ya kuchunguza.

Kwanza A iendeshwe peke yake, na muda uandikwe: sekunde 60. Kisha A na B zianzishwe pamoja zikiwa sawa kwa daraja. Zitabadilishana zamu, na kila moja itamaliza karibu na sekunde ya 120. Mwisho zianzishwe tena pamoja, B ikiwa imeshushwa hadi daraja la 19. Wanafunzi watakuta kwamba A imemaliza karibu na sekunde ya 61, na B karibu na sekunde ya 120. Matokeo yote yaandikwe ubaoni, safu ya jaribio la pili kando ya safu ya jaribio la tatu, kisha darasa liulizwe B imecheleweshwa kwa sekunde ngapi.